TV inchi 65 imekata picha, sauti ipo, waranti imeisha juzi tu. Wakuu nifanyeje?

#1 Kiporo_cha_Jana

Wakuu kwema? Naomba msinicheke, mke wangu ameshacheka kwa niaba ya wote.

Nina TV inchi 65, nilinunua Kariakoo mwezi wa nane 2023 kwa milioni moja laki sita na nusu, ilikuwa hela ya mchezo, zamu yangu ilipofika nikasema na sisi tukae sebuleni kama watu. Waranti miaka miwili. Sasa hesabuni wenyewe, waranti imeisha mwezi wa nane mwaka 2025, TV imekufa mwezi wa kumi, tena Jumamosi, dakika ya sabini hv ya mechi, jirani kaja na watoto wake wanne wamekaa chini kwenye mkeka.

Picha ilikonyeza mara mbili halafu giza. Sauti ikaendelea kama kawaida, mtangazaji anapayuka gooooli, sisi tunaangalia kioo cheusi, ikabidi tumalize mechi kama enzi za redio ya mkulima. Nikizima na kuwasha, logo inatokea kama sekunde moja hv, giza tena. Sauti ipo, rimoti inakubali, ukiongeza sauti inaongezeka, ila huoni kitu.

Jumatatu nikaipandisha kirikuu mpaka dukani na risiti yangu na kadi ya waranti. Yule kijana aliangalia tarehe kabla hajaniangalia mimi usoni. "Bro hii imeshatoka." Nikapelekwa kwa fundi wao gorofani, hakufungua hata skrubu moja, akachomeka, akalitazama lile giza kama nilivyolitazama mimi, akasema kioo kimekufa, kioo kipya laki tisa na nusu, cha kuagiza, wiki tatu. Nikamwuliza una uhakika, akasema bro hizi ndo kazi zangu kila siku. Kirikuu kwenda na kurudi elfu arobaini imekwenda na maji.

Naomba ushauri, nilipe hiyo laki tisa au niongezee ninunue mpya au kuna njia ya kuwabana hawa jamaa? Miezi miwili tu jamani. Nawasilisha.

#2 Chumvi_Kidogo

Pole sana mkuu. TV za chogo zilikuwa zinarithishwa, babu yangu kaacha moja, mpaka leo ipo Tanga, ukiipiga kofi ubavuni inaamka. Hizi za ukutani ni mayai.

#3 Dogo_wa_Kijiweni

mi ningeiacha hapohapo ukutani iwe kioo cha kuchania nywele, inchi 65 unajiona mpaka viatu 😂😂

#4 FundiBodi_TMK

Mleta uzi usilipe hata mia kwanza. Mimi ni fundi, nipo Temeke, sitaki kazi yako nakwambia tu ukweli.

Kitu kilichokatika picha sauti ikabaki, na logo inaonekana sekunde moja, hicho mara nyingi sana sio kioo, ni taa za nyuma. Kioo chenyewe hakitoi mwanga, ni kama pazia la rangi, mwanga unatoka nyuma yake kwenye vijitaa vya LED vimepangwa kwenye stripu ndefu kama rula. Zile taa zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine kama zile za krismasi za zamani, ikiungua moja umeme unakatika njia nzima. Bodi ya pawa inajaribu kuziwasha, inaona njia imekatika, inajifunga kujilinda. Hiyo sekunde moja unayoiona logo ndo bodi inajaribu.

Pima mwenyewe leo usiku, hutumii hela. Zima taa zote sebuleni, funga pazia, washa TV uweke chaneli yoyote, chukua tochi yenye mwanga mkali hata ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo ila iinamishe iwe kama inapiga kwa ubavu usiielekeze moja kwa moja. Angalia palepale mwanga unapogusa. Ukiona vivuli vya watu vinatembea kwa mbali sana kama picha ya ndani ya maji, kioo chako kizima, kinachokosekana ni mwanga tu. Usipoona kitu kabisa hapo tuongee mengine.

Angalizo, hii ni kwa TV za LED. Kama yako ni OLED tochi haina kazi maana zile kila nukta inawaka yenyewe. Kwa bei uliyotaja sio OLED.

#5 Mzee_Kanzu

Kumbe ndio maana yangu mwaka jana nilimpa muuza vyuma chakavu kwa elfu thelathini. Sauti ilikuwepo. FundiBodi Mungu anakuona, ungekuja na hii tochi mapema.

#6 boss_lady_Kinondoni

Jamani kwani lazima mtengeneze? Ongezea kidogo nunua mpya, TV ikifunguliwa haiwi kama mwanzo, mimi ya kwangu ilifunguliwa ikaja na mstari wa kijani katikati ambao haukuwepo. Fundi akasema nilikuja nao.

#7 Kiporo_cha_Jana

WAKUU.

Nimepiga tochi saa nne usiku, watoto wamelala, mke wangu ameshika tochi mimi nimekaribisha jicho kwenye kioo kama naangalia ndani ya tundu la ufunguo. Mwanzo sikuona kitu. Nikamwambia inamisha zaidi, zaidi, hapohapo. Nikaona tai. Tai ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Halafu mdomo unatembea. Yaani TV yangu muda wote huu inaonyesha, tulikuwa tumekaa nayo gizani tu.

Laki tisa na nusu ya kioo!! Na kioo kizima!! Nilitaka niwapigie usiku uleule mke wangu akaninyang'anya simu.

#8 Luthuli254

Niaje wadau, jirani yenu kutoka Nairobi. Hiyo story tunaijua sana huku, ukienda Luthuli Avenue, mtaa wetu wa maduka na mafundi wa electronics, na TV kubwa bila kujua shida yake ni nini utaambiwa ni screen, coz screen ndio kitu ghali na hakuna mtu atakaa abishane. Mimi siku hizi kabla nipeleke kitu kwa fundi napiga video kwa simu, naonyesha ikiwashwa, sauti iko, tochi ikionyesha picha, na narekodi serial namba pale nyuma. Kuna wale wanafungua TV yako wanatoa bodi nzima nzuri wanaweka ya kuokota. Ukiwa na picha ya ndani kabla na baada hawathubutu. Fundi mzuri hakatai umsimamie akifungua, yule anakwambia rudi kesho jioni, hiyo ni biashara ingine.

Na bei ya screen ikifika nusu ya TV mpya wacha tu. Screen iliyopasuka hakuna fundi, hiyo ni maziko. Taa ndio zinatengenezeka.

#9 Mbeba_Boksi

Nipo Uingereza wakuu, niwape tofauti mpime wenyewe, sio kujisifia maana huku baridi inatunyoosha.

Yangu ilikufa ikiwa na miaka minne, waranti ilikuwa mwaka mmoja tu. Dukani wakanipa jibu lilelile, imeshatoka, piga simu kwa waliotengeneza. Mzee mmoja kazini akaniambia usiwasikilize, waranti ni zawadi ya kiwanda, haki yako ni kitu kingine. Huku kuna sheria ya haki za mlaji ya 2015, inasema bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha na idumu muda ambao mtu mwenye akili zake angetegemea, na anayewajibika ni aliyekuuzia, sio kiwanda. Unaweza kudai mahakamani mpaka miaka sita, Scotland mitano. Ila kuna mtego, ikishapita miezi sita tangu ununue ni wewe wa kuthibitisha kwamba ubovu ulikuwepo tangu mwanzo, sio kwamba mtoto ameirushia mpira.

Nikalipia fundi huru akaandika ripoti ya ukurasa mmoja kwamba taa zimeungua zenyewe, hakuna dalili ya maji wala kipigo. Nikaituma dukani na barua. Wiki tatu kimya, nikatuma ya pili nikataja mahakama ya madai madogo. Wakanirudishia sehemu ya hela, sio yote, maana wanaruhusiwa kukata kwa miaka niliyoitumia. Sikugombana, nikachukua.

Na kama ulilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, hata benki iliyotoa kadi unaweza kuibana pamoja na muuzaji. Hiyo ni sheria ya 1974, kongwe kabisa, Wabongo wengi huku hawaijui.

#10 Wakili_wa_Kijiwe

Mbeba Boksi umefungua mlango mzuri, watu wanadhani hapa hatuna kitu. Tunacho, ila hakuna anayekitumia.

Tanzania kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya tangu enzi za mkoloni, nayo inaweka sharti kwamba kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa kitu hicho kiwe na ubora wa kuuzika na kifae kwa kazi yake, hata kama mkataba haukusema. Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, sheria ambayo ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, ikiwemo mtu kudanganywa kuhusu huduma au matengenezo. Wengi wanawajua FCC kwa kukamata bidhaa feki tu, lakini malalamiko ya mlaji wanapokea.

Sasa ukweli mchungu. Miaka miwili na miezi miwili, kuthibitisha kwamba TV ilikuwa na ubovu tangu siku ya kwanza ni mlima. Hoja yako yenye nguvu sio TV kufa, ni kuambiwa kioo kimekufa bila mtu kufungua. Hapo ungekuwa umelipa ingekuwa kesi tamu. Bahati nzuri, au mbaya kwangu mimi, hukulipa.

Ndugu zetu wa Kenya wana afadhali, ibara ya 46 ya Katiba yao ya 2010 inataja kabisa haki ya mlaji kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ile mahakama yao ya madai madogo inapokea mpaka milioni moja ya Kenya. TV inaingia na chenji inabaki.

Na risiti jamani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mtu ananunua kitu cha milioni na nusu anaambiwa "bila risiti nakupunguzia elfu hamsini" anafurahi. Siku ikifa unaenda kudai kwa kutumia nini, sura?

#11 Dogo_wa_Kijiweni

risiti yenyewe ile ya EFD baada ya miezi sita imefutika imebaki karatasi nyeupe wakili

#12 Wakili_wa_Kijiwe

Ndio maana unaipiga picha siku ileile dogo. Ile karatasi inachapwa kwa joto, ukiiacha kwenye gari inakufa kabla ya TV.

#13 Mama_Nuru_Unguja

Asalaam alaykum. Na miye niseme langu. Yetu ilizima kabisa, si picha si sauti, hata kile kitaa chekundu hakuna. Baba Nuru akasema umeme umeiunguza. Fundi alipoifungua akaniita, "bimkubwa njoo uone mgeni wako." Mjusi kafiri, kakauka, kichwa kwenye waya mmoja mkia kwenye waya mwengine, kwenye ile bodi ya umeme. Kaingia kwa matundu ya nyuma kufuata joto, na wadudu nao wanafuata mwanga. Kabadilisha fyuzi na vidude viwili vitatu ikawaka, elfu thalathini tu. Sasa tumebandika kitambaa cha wavu kama cha chandarua kwenye yale matundu, hewa yapita mjusi hapiti. Fundi alisema tusizibe kwa plasta kwa vile itachemka.

Na huku kwetu pwani hewa ya chumvi nayo yala bodi, miguu ya vyuma inafanya kutu ya kijani. TV isikae dirisha la baharini hata kama pazuri.

#14 Mpemba_Halisi

Mjusi kafiri mpaka kwenye umeme hana imani 😂

#15 Nshomile_Ziwani

Sisi wa Bukoba adui yetu ni radi. Huku ziwani radi inapiga kama ina kazi maalumu. Watu wanachomoa TV ukutani wanajiona salama wanasahau waya wa dishi. Radi ikipiga karibu, umeme unaingia kwenye dishi juu ya bati, unashuka na waya mpaka kwenye king'amuzi, unapita kwenye waya wa HDMI unaingia kwenye TV, unaua bodi kuu. Mimi nimepoteza mbili hivyo, ya kwanza nilidhani bahati mbaya. TV gadi haizuii hiyo. TV gadi inakusaidia umeme ukishuka ukipanda, na ukikatika inasubiri utulie kwanza ndo inaruhusu, sio radi. Wingu likiwa jeusi chomoa vyote, na HDMI pia.

#16 Fundi_Saidi_wa_Mbagala

FundiBodi_TMK yuko sahihi, ni taa, ila watu wasitishike, taa moja ikiungua huna haja ya kununua seti nzima ya stripu. Unaitafuta iliyokufa unaipiga jampa, unaunganisha waya kutoka upande huu kwenda upande huu, njia inaendelea, TV inawaka. Dakika ishirini, elfu ishirini na tano, mteja anaenda kulala.

#17 FundiBodi_TMK

Saidi hapo ndo mnapotuharibia jina. Ukipiga jampa moja inawaka ndio, na pale kunakuwa na kivuli kidogo, mteja hakioni siku ya kwanza. Lakini zile taa zote zina umri mmoja, zimechoka pamoja, imekufa moja leo nyingine inakufa mwezi ujao, halafu kuna bodi ukishatoa taa moja au mbili inahisi volti zimepungua inakataa kuwaka. Na kila ukifungua kioo cha inchi 65 unacheza kamari. Kazi sio taa, kazi ni kukinyanyua kile kioo. Bora ufungue mara moja ubadilishe zote.

#18 Fundi_Saidi_wa_Mbagala

Mteja akija na elfu thelathini mfukoni utamwambia seti laki na ushee? Wewe unatengenezea watu wa Masaki.

#19 FundiBodi_TMK

Namwambia ukweli halafu anachagua yeye. Tatizo hamwambii.

#20 Kiporo_cha_Jana

Mafundi msigombane kwenye uzi wangu nina mrejesho mrefu.

Nimempata fundi kupitia shemeji, anakuja nyumbani, jambo ambalo nililitaka kwa sababu sitaki tena kirikuu. Tuliongea bei kabla, akaniambia nimtumie picha ya stika ya nyuma ya TV, lakini akasema hawezi kununua stripu mpaka afungue aone namba iliyoandikwa kwenye stripu zenyewe, maana TV ya modeli moja inaweza kuwa na stripu za aina mbili tofauti, na kuna taa za volti tatu na za volti sita, ukichanganya umeumia. Nikampenda hapohapo. Yule wa gorofani hakutaka hata kuona mgongo wa TV.

Alikuja Jumapili saa tatu asubuhi na kijana wake. Kitu cha kwanza aliomba godoro. Tukatoa la watoto tukalilaza sebuleni, juu yake shuka safi, TV ikalazwa kifudifudi kama mgonjwa anayekandwa mgongo. Skrubu nilizihesabu ishirini na mbili, alikuwa anazipanga kwenye trei ya mayai kila moja shimo lake, kwa sababu urefu wake sio sawa. Mfuniko ulipotoka nilishangaa jamani, ndani hakuna kitu. Milioni na nusu, bodi mbili ndogo na spika mbili kama za simu, sehemu kubwa ni bati tupu.

Akaniambia usiguse pale, akaonyesha kapasita moja nene kama betri ya tochi, imeandikwa volti 450, akasema hii hata ukichomoa ukutani inabaki na umeme wa kukurusha. Akasubiri, akapima na mita. Halafu akachomeka TV, akaweka mita kwenye soketi ya waya wa taa, akamwambia kijana washa. Namba zikapanda juu ghafla halafu zikaporomoka. "Umeona? Bodi nzima, inatoa. Taa ndo hazipokei." Akasema kama mita isingepanda kabisa basi ugonjwa ungekuwa kwenye bodi na tusingegusa kioo.

Sasa kioo. Hapa ndo niliposhika tama. Waligeuza TV, wakatoa fremu ya pembeni kwa kadi ya plastiki kidogo kidogo, kisha wakabandika vile vikombe vya mpira vya kunyonya, viwili kila upande, vilevile vya mafundi wa madirisha ya alumini. Feni ikazimwa. Watoto wakafukuzwa nje. Mke wangu akafukuzwa. Mimi niliruhusiwa kwa sharti la kutoongea. Kioo chenyewe ni chembamba kama biskuti, na upande mmoja kuna vikanda laini vinavyokiunganisha na bodi ndefu nyembamba, fundi akasema kikanda kimoja kikichanika tu hapo ndo utapata ule mstari wa kijani wa boss_lady. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakanyanyua pamoja wanatembea kama wamebeba jeneza, wakakilaza kwenye shuka la pili kitandani kwangu.

Chini yake kuna karatasi nyeupe za plastiki, tatu, zina mpangilio, akazipiga picha kwa simu kabla ya kuzitoa ili zirudi vilevile. Chini ya karatasi ndo taa. Stripu nane, kila taa imevaa kikofia cha plastiki kama jicho la samaki. Akatoa testa yake, ncha mbili, anagusa taa moja moja zinawaka, tiki, tiki, tiki, mpaka stripu ya tano. Taa ya tatu kutoka kushoto, kimya. Akang'oa kile kikofia akaniita. Katikati ya kile kidude cha njano kuna nukta nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Wakuu nilikaa chini. Kitu kile ndo kimefanya jirani akose goli.

Akaandika namba za stripu, kijana akatumwa Kariakoo na bodaboda, karudi saa nane mchana na seti nzima, laki moja na ishirini. Ufundi elfu themanini. Jumla laki mbili, na soda nne. Ilipowaka kabla hajafunga fremu mke wangu alipiga kigelegele, jirani akatokea mlangoni na watoto wake kabla hata sijamwita.

#21 boss_lady_Kinondoni

Laki mbili dhidi ya laki tisa na nusu. Nimenyamaza. Namba ya fundi PM tafadhali, nina ule mstari wangu.

#22 FundiBodi_TMK

Boss lady mstari wa kusimama wa rangi moja kutoka juu mpaka chini mara nyingi ni vile vikanda vya kwenye kioo, taa hazihusiki. Kwa vifaa vya kawaida vya mtaani havirudi. Usitoe hela kwa matumaini, uizoee.

Kiporo hongera, umepata fundi. Sasa zidumishe. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa nyuma, sio ile mwangaza wa kawaida ya kufanya rangi nyeusi iwe kijivu, ile inayoitwa baklaiti, ishushe toka mia mpaka kama hamsini au sitini. TV nyingi zinatoka na hali ya dukani, kila kitu kimepandishwa ili zing'ae kwenye shelfu, taa zinakimbia kwa nguvu zote toka asubuhi mpaka usiku na joto ndo linaziua. Mimi kazi zangu huwa napunguza hata umeme wenyewe kwenye bodi, kuna virezista vidogo viwili au vitatu vimekaa sambamba karibu na saketi ya taa, unatoa kimoja, umeme wa taa unapungua, mwanga unashuka kidogo mteja hata hagundui. Ila hiyo aifanye anayejua, sio mtu kaona video jana.

Ukiona picha inaanza kuwa ya bluu au zambarau kwa mabaka, taa zinachoka. Ukiona vimwezi vyeupe vya duara kwenye picha, vile vikofia vimedondoka, gundi imekufa kwa joto. Taa bado zinafanya kazi hapo, ni kubandika tu.

#23 Chumvi_Kidogo

Mkuu ya shemeji yangu inaishia kwenye logo, inajiwasha inajizima, picha ipo kabisa. Hiyo nayo taa?

#24 FundiBodi_TMK

Hapana, hiyo ni ubongo. Kama taa zinawaka na logo inakaa halafu inaanza upya, ni programu imeharibika au chipu ya kuhifadhia imechoka. Aanze na bure, achomoe ukutani, abonyeze kitufe cha kuwashia cha kwenye TV yenyewe nusu dakika, achomoe flashi na HDMI zote, ajaribu. Ikishindikana fundi anairudishia programu kwa flashi, ila iwe ya modeli hiyohiyo, ukiweka ya modeli nyingine unaweza kupata picha imepinduka miguu juu kichwa chini, nimeyaona.

#25 Luthuli254

Kiporo, ulirudi kwa wale wa gorofani ama uliwaachia Mungu?

#26 Kiporo_cha_Jana

Nilirudi. Nilikuwa na shughuli zangu Kariakoo nikapitia. Ile stripu mbovu fundi aliniachia, nikaivunja nikaweka kile kipande kwenye kiboksi cha kiberiti. Nikapanda gorofani nikamfungulia yule fundi, nikamwambia hiki hapa kioo changu kilichokufa. Akakiangalia, wala hakuona haya, akasema "si ndo hivyo bro, kioo kipya tungekileta na taa zake humohumo, ungepona tu." Sikuwa na jibu wakuu. Nikashuka ngazi.

FCC sijaenda. Wakili amesema ukweli, sikulipa, na kwa kweli nimechoka. Ila video ya tochi ninayo na risiti nimeipiga picha, bado inasomeka.

#27 Dogo_wa_Kijiweni

picha ya TV tuone basi isije ikawa umenunua mpya unatudanganya

#28 Kiporo_cha_Jana

Nimeweka hapo chini. Mwanga uko sawasawa kote, nimeushusha mpaka 55 kama alivyosema FundiBodi. Kuna kitu kimoja tu, pamoja na kuzima feni na kufukuza watu wote, kuna unywele mmoja uliingia kati ya karatasi na kioo. Upo kushoto kwa juu, hauonekani mpaka picha iwe nyeupe. Fundi amesema anaweza kurudi kuutoa bure, nikafikiria lile godoro, vile vikombe, moja mbili tatu, nikamwambia aache. Kwa hiyo kwangu kila saa mbili usiku mtangazaji akikaa upande ule ana sharubu moja. Watoto wameshampa jina.